Fukwe za Barbados kwa mtu aliyezoea ziwa: twende upande upi, na mwezi gani?

Mzee wa Luchelele

Habari zenu, wanajukwaa. Binti yetu anamalizia masomo katika kampasi ya Cave Hill ya Chuo Kikuu cha West Indies, kisiwani Barbados katika eneo la Karibi, na ametualika mimi na mama yake tukakae naye majuma mawili. Mimi nilijifunza kuogelea ziwani Luchelele, hapa Mwanza, kabla sijajua kusoma, lakini bahari siijui, kwa kuwa mara chache nilizofika Dar es Salaam nilikwenda kikazi na kurudi. Mama yake hajui kuogelea kabisa, ingawa hapa kwetu anaweza kukaa jioni nzima miguu ikiwa majini.

Ninaomba mnieleze fukwe zipi za huko zina maji tulivu, miezi gani inafaa, na kama mgeni asiyelala hotelini anaruhusiwa kukaa ufukweni bila kufukuzwa.

Baharia wa Kirumba

Shikamoo, mzee. Nilifanya kazi kwenye meli ya watalii kwa misimu mitatu, na Bridgetown ilikuwa moja ya bandari zetu. Nitaanza na swali la mwisho, kwa sababu jibu lake ni fupi: fukwe za Barbados ni za umma, na hoteli haiwezi kumzuia mtu kukaa mchangani, ila viti na miavuli vina wenyewe na hukodishwa.

Jambo kubwa huko ni upepo, nawe ukiwa mtu wa ziwa utalielewa kuliko watalii wengi. Kisiwa ni kidogo, kilomita za mraba zipatazo 430, yaani hakifikii hata Ukerewe, na karibu mwaka mzima upepo huvuma kutoka mashariki ukitokea bahari ya Atlantiki, ambako hakuna nchi kavu ya kuyapunguza mawimbi mpaka huku kwetu Afrika. Kwa hiyo pwani ya mashariki hupigwa na mawimbi makali, ilhali pwani ya magharibi imekingwa na kisiwa chenyewe, na maji yake asubuhi hutulia kama ghuba ya Nyegezi kabla upepo wa mchana haujaamka. Mpeleke mama Paynes Bay au Mullins upande huo wa magharibi, au Carlisle Bay karibu kabisa na Bridgetown, ambapo mtu husimama maji ya kiunoni na kuiona miguu yake vizuri, kwa kuwa chini ni mchanga mweupe uliotokana na matumbawe.

Upepo huohuo ndio huleta mwani wa kahawia unaoelea, uitwao sargassum, ambao tangu 2011 umekuwa ukijazana hasa kwenye fukwe za mashariki na kusini. Unaufananisha na magugu maji yetu: leo ufuko ni safi, kesho umefunikwa na unanuka. Ukiukuta, vuka tu kwenda magharibi. Safari haizidi saa moja kwa gari.

Mama Nansio

Baharia amesema kweli, lakini nisingependa mzee aache kuiona pwani ya mashariki. Nilisoma huko, na mahali ninapopakumbuka kuliko pote ni Bathsheba, penye majabali makubwa yaliyosimama majini na mawimbi yanayopendwa na wanaoteleza kwa mbao. Nenda ukatazame, ule samaki, urudi. Usiogelee hapo hata kidogo, kwa maana mkondo unaorudi baharini humvuta hata muogeleaji hodari, na ustadi wa ziwani hautoshi. Ukivutwa, usishindane nao. Ogelea sambamba na pwani mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi nchi kavu.

Jihadharini pia na mti uitwao manchineel, unaoota pembezoni mwa fukwe. Matunda yake ni ya kijani na yanafanana na tufaha dogo, lakini ni sumu, na utomvu wake huunguza ngozi, kiasi kwamba kusimama chini yake wakati wa mvua ni hatari. Mingi imepigwa mstari mwekundu wa rangi. Na tafadhali msibebe nguo yoyote yenye mabaka ya kijeshi, kwa sababu sheria ya huko inaikataza kwa raia wote, hata watoto.

Ijumaa jioni mwende Oistins, mji wa wavuvi upande wa kusini, mle samaki wa kuchoma. Mtu wa Mwanza hatajiona mgeni pale.

Muuguzi wa Sengerema

Niongeze dogo. Kichocho hakipatikani baharini, kwa kuwa konokono wanaobeba vimelea vyake huishi katika maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo mama asiwe na hofu ya kuloweka miguu. Chumvi, hata hivyo, huwasha vidonda na macho, basi aoge maji safi kila anapotoka.

Mzee wa Luchelele

Nawashukuru sana, wanangu. Mama amesoma yote, naye anauliza kama anaweza kuwaona kasa bila kuogelea, na kama wanapatikana mwezi wowote.

Mama Nansio

Anaweza, mzee wangu. Mchana kuna boti zenye sakafu ya kioo zinazopita juu ya kasa na matumbawe, na hizo hufanya kazi mwaka mzima. Kuwaona wakipanda mchangani usiku kutaga mayai ni jambo jingine. Kasa waitwao ng'amba hutaga zaidi katikati ya mwaka, wakati msimu wa vimbunga huanza Juni na kuisha Novemba, na Julai 2024 kimbunga Beryl, ingawa kilipita kusini mwa kisiwa, kiliharibu mashua nyingi za wavuvi. Miezi mikavu ni Desemba hadi Mei. Kwa hiyo mimi ningekwenda mwishoni mwa Mei, kasa wa kwanza wanapoanza kupanda na kabla vimbunga havijashika kasi, na usiku huo ningeacha tochi nyumbani, kwa sababu mwanga humfanya kasa ageuke na kurudi baharini bila kutaga.