Toyota Corolla KE70 ya ami imelala Mambrui, niiamshe na injini yake ya 4K ama nibadilishe injini?

Mwana_Mambrui:
Asalam aleikum wakuu. Ami yangu kanipa KE70 yake, ile DX ya mraba, imelala chini ya mkorosho huku Mambrui mwaka wa sita sasa tangu macho yamkatae kuendesha. Logbuku iko, gia za mkono, milango yote yafunguka. Mimi nimekulia kiti cha nyuma cha hii gari nikisikia propela ikilia chini ya miguu tukiingia Malindi, kwa hivyo tafadhali asiniambie mtu niiuze chuma chakavu nikanunue Vitz. Swali ni injini. Iko na 4K, 1290cc, kabureta. Fundi mmoja hapa mjini aniambia ng'oa tia injini ya 4A-GE kama ya ile Corolla ya michezo, AE86. Nyinyi mngefanyaje?

Spana14:
Wa aleikum salaam. Mwanangu, wacha injini kwanza. Chukua bisibisi, toa kapeti, gonga sakafu, chini ya betri, pale shokabu za mbele zinaposhika juu na shimo la spea taya. Gari iliyolala karibu na bahari huoza kwa ndani rangi ikiwa bado yang'aa, na bisibisi ikizama hapo kwa shokabu, pesa yako ya kwanza ni ya welda. 4A-GE ni tamu sikatai, 1587cc, valvu 16, lakini nyingi utakazopata zimetoka kwa gari za kuvuta mbele, itabidi utafute giaboksi ya kusukuma nyuma, ubadilishe mapaipu ya maji, na breki za KE70 uziache vile vile? Hapana. 4K ni ya cheni na pushirodi, blok ya chuma, ikizingua waifungua chini ya mwembe na spana za kawaida. Ukitaka nguvu kidogo tafuta injini ya 5K ya zile van za Toyota LiteAce za zamani, ni ukoo mmoja.

Mokowe_Jeti:
Mimi ni wa Lamu mjini, kwetu gari haina njia kwa hivyo Toyota Starlet yangu KP61 naiweka Mokowe, nikivuka na boti nikiiona pale roho yatulia. Iko na 4K hiyo hiyo na sijawahi kutamani nyingine, maana utamu wa hizi gari si mbio, ni wepesi, tairi za mbele zina kazi moja tu ya kukata kona na za nyuma kazi yao kusukuma, mkono wako wasikia kila jiwe. Kwenye mchanga nyuma huwa nyepesi hucheza, tia gunia la mchanga kwa buti na usikanyage mafuta kwa hasira.

Datsun_ya_Babu:
Naunga mkono. Dereva Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na Datsun Violet (160J), ekseli nzima nyuma, injini ya mbele isiyo na turbo. Kilichomfikisha ni gari kutovunjika. Joginder Singh naye 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer ya kusukuma nyuma. Babu yangu alikuwa akinihadithia hizo mbio kama mtu asimuliae harusi yake. Sasa wewe una gari ya ukoo huo wa kusukuma nyuma na wataka kuikata?

Mwana_Mambrui:
Shukran sana wakuu. Nimetoka huko sasa hivi. Nimetoa kapeti, majani ya mkorosho yamejaa hata ndani ya matundu ya hewa. Sakafu upande wa dereva bisibisi imeingia mpaka kwenye mpini, mchanga wa chini nimeuona kwa macho. Kwa shokabu pande zote mbili nimegonga, imelia ngumu, alhamdulillah. Injini nimetoa plagi nikatia oili kidogo kwenye matundu yake, leo jioni ami mwenyewe kaomba aje ashike spana tuizungushe na mkono. 4K yabaki. Spana14, welda mzuri wa sakafu upande wa Malindi ni nani, nitumie inboksi?