Naomba ushauri: redio ya gari inapiga mluzi na kukwaruza

Habari wakuu. Gari ipo Mikindani, ya petroli, imetoka Japani, redio imefungiwa ekspanda ya FM (kifaa kinachoiwezesha redio ya Kijapani kushika stesheni za juu ya megahezi 90). Kelele ni mbili: mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta, na tiki-tiki inayofuata mizunguko ya injini.

Nikichomoa antena nyuma ya redio, tiki-tiki inakata, mluzi unabaki. Maana yake tiki-tiki inaingilia kwenye antena, mluzi unapitia waya wa umeme au athi (njia ya umeme kurudi hasi kupitia bodi ya gari). Injini ikiwaka na taa kubwa zimewashwa, kati ya bodi ya redio na hasi ya betri nilipata volti 0.35. Bolti ya athi iliposuguliwa hadi chuma kung'aa, ikashuka hadi 0.04; mluzi umepungua sana ila haujaisha. Umeme wa AC (wa kupanda na kushuka) kwenye betri ni volti 0.06 tu, hivyo dayodi za altaneta, ile jenereta inayochaji betri, sizishuku.

Ninachokishuku zaidi ni kitako cha antena. Chumvi ya bahari imekula chini ya mpira, kuna unga wa kijani, na kutoka ganda la waya wa antena hadi bodi ya gari ni omu 14 badala ya chini ya 1. Plagi za injini nazo hazina herufi R, yaani huenda hazina rezista ya kupunguza kelele za redio.

Nianze na kitako au plagi? Waya za plagi zinasoma kilo-omu 5 hadi 7, niziache? Kwa mluzi uliobaki, bora koili ya kuchuja ya ampea 10, au waya mpya wa milimita za mraba 2.5 toka betri, fyuzi ikiwa karibu na betri? Ekspanda sitaki kuitoa, stesheni za juu ya 90 zitapotea.