Mrejesho: hema la turubai kwa kambi ya kihistoria
Wakuu, niliuliza nichukue hema gani kwa kambi ya kuigiza wanajeshi wa miaka ya 1770: la duara lenye nguzo moja, au la pande mbili zinazoshuka hadi chini kama herufi A. Nimechukua la pande mbili, pamba tupu. Lile la duara ni la Sibley, ofisa wa jeshi la Marekani aliyelibuni, na lilipewa hataza (haki ya ubunifu) huko mwaka 1856, lingekuwa geni kabisa kwa kipindi chetu.

Ushauri mlionipa wa kulilowesha hema kabla ya kulitumia ni dhahabu. Nililimwagia maji likalowa chapachapa, likakauka, nikarudia; nyuzi zikavimba, matundu ya sindano kwenye mishono yakaziba. Mvua ikatunyeshea usiku kucha, tukalala pakavu. Kamba za katani hujikaza zikilowa, zilegezeni mapema. Na msilikunje likiwa bichi, litaota koga. Asanteni sana.