Mkanda wa tumbo au mto mrefu wa kulalia? Nyonga zinanimaliza

Mwanzo_Mpya: Habari zenu wapendwa. Nyonga zinauma, usiku silali. Akiba yangu inatosha kitu kimoja tu, mkanda wa kushikilia tumbo au ule mto mrefu wa wajawazito. Nataka kuagiza kesho. Mliovitumia, kipi kina nafuu?

Ua_la_Asubuhi: Mto! Chukua mto, usiulize mara mbili. Mimi bila mto nisingefika mwezi wa tisa.

Mama_Pacha: Pole sana mama kijacho. Ila hujasema mimba ina wiki ngapi, wala panapouma. Ni mbele kwenye kinena au nyuma juu ya makalio? Ukitembea au ukilala?

Mkunga_Mstaafu: Na kuna damu, maji yanayotoka, homa, au kuungua ukikojoa? Je, maumivu yanakuja na kuachia kwa mpangilio? Likiwepo hata moja, mkanda na mto visubiri. Nenda hospitali leo hii.

Mwanzo_Mpya: Samahani, nilikuwa na haraka. Wiki 29, mimba ya pili. Hakuna damu wala homa, na mkojo hauniunguzi. Panauma mbele, kwenye mfupa wa kinena, kama vile mifupa inataka kuachana. Nikisimama mguu mmoja nivae chupi, machozi yananitoka. Nikijigeuza kitandani nasikia kitu kinalia "ko!"

Mkunga_Mstaafu: Asante, sasa tunaelewana. Hapo mbele mifupa miwili ya nyonga hukutana, katikati kuna gegedu. Kawaida nafasi yake ni milimita 4 au 5, na mimba huiongeza milimita 2 au 3 hivi kwa sababu kano zinalegea. Kiungio kikikosa uthabiti, kila hatua inakivuta. Mtoto hadhuriki. Karibu mjamzito 1 kati ya 5 hupata maumivu ya nyonga, kwa hiyo usione aibu kuyasema kliniki. Mwombe daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa mazoezi tiba.

Dada_Neema: Mimi naomba nieleze ya kwangu ili usirudie kosa langu. Niliagiza mkanda, ukaja bila maelezo. Nikadhani ukikaza zaidi ndiyo unatibu zaidi. Nikaufunga katikati ya tumbo, asubuhi hadi nalala. Siku ya tatu kiungulia kilinipanda hadi kooni, na paja la kulia likawa na ganzi. Jioni nilipouvua niliona mistari miwili myekundu imezama kwenye ngozi, ukipitisha kidole unahisi mfereji. Maumivu yako palepale, na mimi naendelea kuukaza! Wiki mbili nilijitesa hivyo. Mtaalamu wa mazoezi tiba alinisimamisha, akaufungua, akaushusha chini kabisa ya tumbo ukazunguka mifupa ya nyonga. Akaniambia, "Tembea." Nilitembea hadi mlangoni nikalia kwa furaha. Sharti lake: nivae nikiwa na shughuli za kusimama, nikikaa nivue.

Ua_la_Asubuhi: Umeona? Mkanda una masharti mengi. Mto hauna madhara.

Dada_Neema: Sikusema mkanda ni mbaya, dada. Nilikosea mimi kuuvaa. Na mto haukusaidii ukiwa kwenye ngazi.

Baba_Kijacho: Mke wangu alikunja mto wa kawaida, akauweka toka magotini hadi kwenye vifundo vya miguu. Akitaka kugeuka anabana magoti pamoja, anageuka mwili mzima kama gogo. Dada, jaribu hivyo kwanza, hela ibaki ya mkanda.

Tumaini88: Meza ibuprofen ulale, ndugu yangu. Mimi ilinisaidia.

Mkunga_Mstaafu: Hapana! Ibuprofen kuanzia wiki ya 20 huepukwa, inaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Baadaye inaweza hata kuziba mapema mshipa muhimu karibu na moyo wake. Kwa kawaida hutumika parasetamo, nayo uliza kipimo kliniki.

Ua_la_Asubuhi: Halafu alale ubavu wa kushoto TU.

Baba_Kijacho: Kwetu tuliambiwa ubavu wowote, mradi asilale chali.

Ua_la_Asubuhi: Kushoto. Mimi nilifundishwa kushoto.

Mkunga_Mstaafu: Kuanzia wiki ya 28 ni kulala ubavu, kushoto au kulia. Ukishtuka uko chali, geuka tu uendelee na usingizi.

Mama_Pacha: Tumemwacha mwenye swali. Mwanzo_Mpya, unabeba mtoto wa kwanza kiunoni? Hapo ndipo nilipojiumiza mimi, uzito wote upande mmoja.

Mwanzo_Mpya: Nambeba, tena kila siku. Sikuwahi kufikiria hilo. Jana nimejaribu kukaa ndipo nivae, kweli kuna tofauti. Mto uliokunjwa nitaujaribu usiku huu, kuagiza nangoja kidogo. Ila sasa nina hofu nyingine: siku ya kujifungua nitapanuaje miguu?

Dada_Neema: Mwambie mkunga wako mapema. Mimi tulipima kwa utepe magoti yanaweza kuachana umbali gani kabla sijasikia maumivu, ukaandikwa kwenye kadi. Nilijifungua kwa magoti na mikono, nimeegemea kitanda.

Tumaini88: Na maumivu yaliisha lini?

Dada_Neema: Mbele, wiki ya sita baada ya kujifungua. Nyuma yalichelewa kidogo.