Magadi yamenitesa kwenye tanuri, naombeni ushauri

mfinyanzi_kisarawe: Habari zenu wakuu. Miaka yote nachoma vyungu kwa kuni na pumba. Juzi nimemaliza tanuri dogo la gesi nijaribu uchomaji wa magadi, ule ambao nje ya chombo hupaki glezi (mpako unaogeuka kioo kwenye moto), mvuke wa sodiamu wenyewe unashika udongo na kugeuka kioo. Chumvi, ambayo nayo hutumika hivyo, niliiogopa, moshi wake una asidi na majirani wako karibu.

Koni ya 9 (kipande cha kupimia joto, huinama kwenye nyuzi 1,260 hivi) ilipoanza kuinama nikatupia madonge ya magadi, kilo moja na nusu, kwenye mdomo wa moto. Kufungua: vikombe vya upande wa moto vinameremeta, vya nyuma vikavu kama tofali. Sita vimegandia rafu, nimevibandua kwa patasi. Mitungi miwili ya udongo mwekundu wa mtoni imelala kama chapati. Nimekosea wapi?

bi_mitungi: Pole mwanangu. Mitungi usiililie. Udongo mwekundu una chuma kingi, ukipita nyuzi 1,100 hivi unalegea, na wewe umeupeleka kwenye 1,260! Tafuta udongo mweupe unaonata, uchanganye na kaolini ya Pugu, ule udongo mweupe usiolegea kwa moto, mchanga wa silika na felspa kidogo (unga wa mawe unaosaidia udongo kushikana). Sodiamu bila silika haina cha kushika.

mpita_njia: Kumbe haya haya ya kwenye maharage?

fundi_moto: Haya haya. Ila hayageuki mvuke kirahisi kama chumvi. Wajerumani wa Rhineland tangu karne ya 15 walitupia chumvi tu ikaenea yenyewe. Donge la magadi linayeyuka lilipoangukia na kutafuna tofali. Yayeyushe kwenye maji ya moto, pulizia kwa bomba la dawa ya shamba lenye mkono wa chuma, kidogo kidogo, matundu ya pande zote mbili. Vaa miwani na glavu nzito. Ning'iniza pete za udongo karibu na tundu la kuchungulia, vuta moja kwa chuma kila awamu. Ikimeremeta unavyotaka, acha. Na chini ya kila kikombe weka vidonge vya alumina (unga mweupe unaostahimili moto mkali) na kaolini, nusu kwa nusu. Sodiamu haivigandishi kirahisi.

mfinyanzi_kisarawe: Asante mkuu. Nikitaka kuchomea glezi za kawaida humo humo?

fundi_moto: Sahau. Sodiamu imeshaingia kwenye matofali, kila ukiwasha inatoka tena. Umejengea yapi?

mfinyanzi_kisarawe: Yale mepesi, yenye vitundu.

fundi_moto: Aisee, hayo sodiamu huyatafuna upesi. Yapake alumina na kaolini upate michomo kadhaa, huku unasaka mazito.

bi_mitungi: Ndani ya vikombe ulipaka glezi? Mvuke hauingii vizuri humo.

mfinyanzi_kisarawe: Sikupaka, mama. Nimenywea chai kimoja leo, nje laini kama yai, ndani kijiko kinakwaruza mpaka meno yanasisimka. Jumamosi naanza na bomba.