Mada: Kwenda Kusini kwa RV na mama mkwe

Mama Mapacha, Columbus, Ohio

Wapendwa, habari za siku. Wakubwa shikamooni.

Mama mkwe amekuja kutoka Tanga, yupo nasi miezi mitano, na tangu afike hajaona kitu zaidi ya theluji na duka la vyakula. Baba Mapacha amepata likizo ya siku tisa mwezi wa nne, anataka tukodi RV, lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, twende Kusini mwa Marekani. Njia aliyoichora: Nashville, New Orleans, Florida, Savannah, halafu nyumbani. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua, nguruwe hali, na chakula kisicho na nazi wala pilipili kwake ni cha mgonjwa. Aliyewahi kufanya safari hii atusaidie: twende wapi, mama atakula nini, na hilo gari lenyewe likoje?

Mzee wa Charlotte

Marahaba binti yangu. Mwambie Baba Mapacha ile ramani aikunje. Njia yake inapita maili 2,000, na RV inakwenda maili nane mpaka kumi tu kwa galoni. Atamaliza likizo kwenye vituo vya mafuta, na mama ataiona Marekani ikipita dirishani.

Mimi na mama watoto tulimchukua mama yangu mwaka juzi, jimbo moja tu, South Carolina, na siku hazikutosha. Njooni na gari lenu mpaka Charlotte, mpakani mwa jimbo hilo, kodini RV huku (leseni ya kawaida inatosha), kisha shukeni taratibu kuelekea baharini.

Kituo cha kwanza ni St. George. Kimji kidogo, lakini kila Aprili kina tamasha la grits. Grits ni uji mzito wa chenga za mahindi, wenyewe wanautia siagi na jibini, na wa pwani wanauweka kamba juu. Mama yangu alionja, akasema huu ni ugali uliokatishwa tamaa. Shida ilikuja kwenye mashindano: wanajaza grits kwenye bwawa la plastiki, mtu anagaagaa humo, kisha anapimwa kwenye mizani kuona ameondoka na kilo ngapi mwilini. Mama alishika kiuno. "Yaani chakula hiki?" Alisimulia jambo hilo kwa simu kwa wiki nzima, na kila akipiga Tanzania bwawa linakuwa kubwa zaidi.

Kutoka hapo nendeni kisiwa cha St. Helena, halafu mkalale Hunting Island, bustani ya jimbo iliyo ufukweni, yenye maji na umeme kwenye viwanja vya RV. Nafasi za Aprili huisha mapema, wekeni leo. St. Helena ni kwa Wagullah, wajukuu wa Waafrika waliolimishwa mpunga na pamba kwenye visiwa hivi. Ipo Penn Center, iliyoanza mwaka 1862 kama shule ya watu waliotoka utumwani. Kula kwao ni wali mwekundu wa nyanya, bamia, kunde, samaki, kaa. Mama hatauliza hiki ni nini.

Mkipita barabara ya 17 upande wa Mount Pleasant, simameni kwa akina mama wanaouza vikapu vya nyasi. Mama yangu alikigeuza kikapu, akakagua kitako, akapitisha kidole kwenye mishono. "Hii haisukwi, inashonwa." Yule bibi muuzaji hakuelewa neno hata moja, lakini alikitambua kile kidole. Akampa kiti. Walikaa nusu saa, kila mmoja na lugha yake, wakionyeshana vitanzi. Bei haikupungua, mjue.

Njiani mtaona vibao vya karanga za kuchemsha, zinauzwa moto na maji yake ya chumvi. Nunueni. Na yale majani mapana yanayofungwa kama kuni, collards, ni sukuma wiki yetu. Tulipika kwa nazi kwenye jiko la RV na kamba wa hapo pwani, majirani wakaanza kupita karibu karibu.

Sasa gari lenyewe. Umeme: RV nyingi za kukodi zinatumia ampea 30. Mama aliwasha birika la umeme, kiyoyozi kinafanya kazi na maikrowevu inazunguka, pu! giza. Akasema kumbe na huku wanakata. Kimoja kimoja.

Choo: kuna tangi mbili, ya choo na ya maji ya kuogea na vyombo. Valvu ya choo isikae wazi hata kama mmeunganisha mpira kwenye shimo la kambi, maana maji yatakimbia na mzigo utabaki ukauke. Ngojeni tangi ikaribie kujaa, mfungue ya choo kwanza, kisha ya kuogea isafishe mpira. Mimi nilifungua kabla mpira haujakaa sawasawa. Viatu nilivitupa. Mzee mmoja wa Georgia kwenye RV ya jirani alikuja na glavu zake za akiba, akanifundisha bila kucheka, hilo sitalisahau. Mama yangu ndiye aliyecheka.

Na jioni kuna usubi. Mbu si kitu. Vaeni mikono mirefu.

Dada wa Houston

Mzee umesema vizuri, ila usiwanyime Louisiana. Wekeni akiba ya safari nyingine: Breaux Bridge wana tamasha la crawfish, hawa kamba wadogo wa maji baridi, wikiendi ya kwanza ya Mei. Wanachemshwa na pilipili, mahindi na viazi, wanamwagwa mezani, unakata kichwa unavuta mkia. Wa Tanga kwenye pilipili hiyo hatalalamika.

Kuhusu nguruwe, Kusini kote muulize kabla ya kuagiza, tena msiulize "kuna nyama?" Ulizeni imepikwa na nini. Mboga za majani, maharage na kunde mara nyingi zimechemshwa na mguu wa nguruwe wa moshi, na mhudumu atakwambia kwa moyo safi kwamba ni mboga tu. Wengine wanatumia bata mzinga, hapo sawa. Gumbo, ule mchuzi mzito wa Louisiana, ya vitu vya baharini nayo inaweza kuwa na soseji ndani. Inauma, maana jina lenyewe limetoka kwenye lugha za Kibantu za Angola, ngombo, yaani bamia.

Kijana wa Knoxville

Shikamooni. Mkirudi mnaweza kupitia milima ya Great Smoky. Kiingilio hakuna, ila tangu 2023 ukiegesha zaidi ya dakika 15 lazima uwe na tiketi, dola 5 kwa siku. Kambi karibu zote za ndani ya hifadhi hazina umeme kwenye viwanja, na dubu wapo kweli, chakula kisilale nje.

Mama akiwa wa kutembelea hatapata ile pasi ya wazee. Lakini wengine humu wenye wazazi wa miaka 62 na zaidi, wenye uraia au grini kadi, wachukulieni: dola 20 kwa mwaka au 80 ya maisha, na kambi nyingi za serikali kuu zinapunguza nusu. Bustani za majimbo haziitambui.

Halafu andikeni urefu wa gari kwenda juu kwa karatasi, bandikeni mbele ya dereva. Madaraja ya mitaani hayamjui mgeni.

Mama Mapacha

Asanteni sana, Mungu awabariki. Baba Mapacha amenuna kidogo kuhusu New Orleans lakini ramani imekunjwa. Hunting Island tumepata usiku wa nne. Mama amesikia habari za jiko la RV, anauliza kama anaweza kubeba mbuzi yake ya nazi aliyokuja nayo.

Mzee wa Charlotte

Mbuzi aje. Ila mkianza safari afungwe kamba ndani ya kabati, kona ya kwanza tu kila kitu huruka. Nazi nunueni Charlotte kwenye duka la Wahindi, nitawaonyesha.