Yunnan au Guizhou? Naomba ushauri kabla sijakata tiketi

Mlowezi: Wakuu, nina wiki moja ya mapumziko, nataka kuona milima na makabila ya kusini-magharibi mwa China. Niko njia panda: Yunnan (Dali, Lijiang, Shangri-La) au Guizhou (vijiji vya Wamiao na Wadong)? Wapi pazuri?

Mpagazi_Marangu: Swali nusu hilo. Unatokea wapi? Mwezi gani? Na nani?

Mlowezi: Nipo Guangzhou, masomoni. Likizo ya sikukuu ya taifa, Oktoba mosi. Naenda na mke wangu, ana mimba ya miezi mitano. Nguruwe hatuli.

Mpagazi_Marangu: Mimba ndiyo ungeanza nayo! Shangri-La ni kama mita 3,300, umeshakipita kituo cha Mandara pale Kilimanjaro kwa mbali. Pale Lijiang kuna gari la kebo linalopandisha watu mlima Yulong hadi mita 4,506, wanashuka wamekumbatia makopo ya oksijeni. Guiyang, mji mkuu wa Guizhou, ni mita 1,100 hivi. Guizhou, basi. Na muoneni daktari kwanza.

Kassim_Xiaobei: Usimtishe mwenzio. Dali haifiki hata mita 2,100, waishie hapo kwa Wabai, kabila la huko, ziwa Erhai mbele, milima ya Cangshan nyuma. Halafu Yunnan imejaa Wahui, Waislamu wa Kichina, chakula halali hakisumbui. Guizhou utaishia supu ya samaki ya uchachu kila siku.

BintiPangani: Oktoba mosi? Poleni. Mimi nilikwenda Lijiang likizo hiyohiyo. Chumba nimelipia kwa simu, nafika usiku, dada wa mapokezi anageuza pasipoti yangu mbele nyuma, anasema wageni wa nje hawapokelewi. Tumebishana kwa programu ya kutafsiri mpaka simu ikazima chaji. Mji mkongwe magari hayaingii, nikaburuta begi juu ya mawe, gurudumu likang'oka, na watu wamebanana kama daladala ya Mbagala. Mama mmoja wa Kinaxi, kabila la pale, akanihurumia, akanipeleka mahali wanapopokea wageni. Hela yangu kurudi ilikuwa mbinde. Pigeni simu kabla!

FundiCherehani: Zhaoxing, kijiji cha Wadong, Guizhou. Treni ya kasi mpaka kituo cha Congjiang, jirani yake, chini ya saa tano. Minara mitano ya ngoma, ya mbao, kila ukoo na wake. Wadong wanaimba sauti nyingi bila ala wala kiongozi. UNESCO waliuorodhesha uimbaji huo 2009. Mimi kilichonishika ni kitambaa: wanakichovya kwenye nili, wanapaka ute wa yai, wanakitwanga kwa nyundo za mbao mpaka kinang'aa kama ngozi. Xijiang, kijiji cha Wamiao, pitieni mbali, kiingilio na maonyesho tu.

Kassim_Xiaobei: Yunnan ndiko kwao Zheng He, Mwislamu aliyeleta meli mpaka Malindi akaondoka na twiga.

MwanaLamu: Wapi! Twiga wa Malindi alifika China 1415. Meli za Zheng He zilizotangulia kufika pwani yetu ni za safari yake ya tano, 1417 hadi 1419. Twiga alitangulia.

Kassim_Xiaobei: Alitangulia kwa miguu?

MwanaLamu: Na wajumbe wa Malindi, ndugu yangu. Soma.

Mlowezi: Wakuu, twiga baadaye. Mke wangu anataka Dali, ila treni za Kunming, njia ya kwenda Dali, tarehe mosi zimeisha. Za Congjiang zimebaki tiketi za kusimama.

BintiPangani: Asimame na mimba?! Ahirisheni mpaka Novemba.

Mlowezi: Novemba nina mitihani.

FundiCherehani: Ukienda Zhaoxing niulizie bei ya kile kitambaa, mita tatu zinanitosha.